Nani Aliamua Senta Yenu Iwe Ndogo?

Kila Desemba Nairobi inamwaga watu. Tunajazana stejini, tunalipa nauli iliyopandishwa maradufu bila aibu, tunasinzia njia nzima, halafu alfajiri konda anagonga bodi ya gari na kututeremsha mahali ambapo kila mtu wa ushago anapajua kwa jina moja: senta. Barabara moja ya lami. Kinu cha kusaga mahindi. Vibanda vinne vya M-Pesa vinavyotazamana. Bodaboda chini ya mti. Jengo la ghorofa tatu ambalo nondo zake zimekuwa zikichungulia juu tangu tukiwa darasa la nne. Wenyeji wakienda hapo wanasema wanaenda tao, na hawatanii.

Huwa tunaichukulia senta kama mlima au mto, kitu kilichokuwa hivyo tangu mwanzo. Ni ndogo kwa sababu ni ndogo. Kazi hakuna kwa sababu ni ushago. Ukitaka maisha, panda gari urudi Nairobi. Lakini udogo wa senta yenu una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa, ikapigwa muhuri na kuwekewa tarehe. Kuna watu walioketi ofisini wakaamua reli itapita wapi, kiwanda kitajengwa wapi, na ushuru wa soko utaingia mfuko wa nani.

Mimi nilisomea mipango ya miji kwa miaka miwili na nusu kabla karo haijanitoa chuoni. Cheti sina. Nilichotoka nacho ni tabia ya ajabu kidogo: nasoma Mipango ya Maendeleo ya zamani ya serikali jinsi wengine wanavyofuatilia tamthilia. Ina wahusika, ina ahadi, ina vituko. Na baada ya kuisoma kwa muda, naamini miji yetu midogo haijawahi kukosa mipango. Imepangwa, ikapangwa tena, ikapangwa upya. Ilichokosa ni kitu kingine, na mwaka wa kukitafuta ni 1970. Ila huwezi kuufikia mwaka huo bila kupitia kwenye reli.

*

Machakos ilikuwa mji wa serikali kabla Nairobi haijakuwa chochote. Kampuni ya Kiingereza iliyotangulia ukoloni, ile ya IBEA, ilifungua kituo pale mwaka 1889, na kwa miaka kumi hapo ndipo utawala wa sehemu hii ya bara ulipokaa. Kisha reli ikaja kutoka Mombasa, ikaiacha Machakos kando, ikapita nyanda za Athi na kufika mwaka 1899 kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikijua kwa maji yake baridi. Mwaka huohuo afisa mkuu wa Machakos, John Ainsworth, alihamishia ofisi yake huko. Kinamasi kikawa jiji, na mji ukabaki kama ulivyokuwa.

Magharibi hadithi ni hiyohiyo. Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wanga, palikuwa pahali ambapo misafara kutoka pwani ilipumzika na kununua chakula kabla ya kuvuka kwenda Uganda. Waingereza nao wakapafanya makao yao ya utawala. Lakini reli ilipofika ziwani mwaka 1901, iliishia Kisumu, na misafara haikuwa na kazi tena. Mwaka 1920 makao ya serikali yakahamia Kakamega. Mumias ikasubiri zaidi ya miaka hamsini kabla ya mtu wa serikali kuikumbuka tena, na alipoikumbuka alileta miwa.

Reli peke yake haielezi kila kitu. Miji ya nyanda za juu za wazungu, kama Nakuru, Eldoret na Kitale, ilikua kwa sababu wakulima walioizunguka waliruhusiwa kupanda mazao yenye bei, kukopa benki, na kusafirisha kwa nauli waliyoitetea wenyewe katika baraza la kutunga sheria. Kwenye hifadhi za Waafrika mambo yalikuwa kinyume. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa. Ruhusa ilianza kutolewa kwa majaribio miaka ya 1930 katika sehemu chache kama Meru, Embu na Kisii, na ikafunguka kwa upana baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Sasa fikiria soko lililozungukwa na watu wasioruhusiwa kupanda zao lenye pesa. Litauza nini? Chumvi, kiberiti, sukari robo, mafuta ya taa. Litabaki na maduka manne ya mabati na kambi ya chifu. Senta nyingi za nyumbani zilianza hivyo, na umbo hilo bado unaliona.

Hata kiwanda kilipokuja, kilikuja na masharti ya mwenyewe. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ilijenga kiwanda cha kukausha mboga Karatina ili kulisha wanajeshi. Wakulima wa Nyeri walipanda viazi, karoti na kabeji kwa bidii, na kwa mara ya kwanza senta yao ikawa na mnunuzi wa uhakika. Vita vikaisha, wanajeshi wakarudi kwao, kiwanda kikafungwa. Soko la Karatina lilinusurika kwa sababu watu wake waliendelea kulima na kuuziana. Kiwanda kilikuwa cha vita, na vita viliondoka nacho.

*

Uhuru ulipofika, swali likawa: pesa chache tulizo nazo tuzipeleke wapi? Jibu lilitolewa mwaka 1965 katika Waraka wa Serikali Nambari 10, ule unaojulikana kwa kueleza Ujamaa wa Kiafrika na jinsi ungetumika kupanga uchumi wa Kenya. Waziri wa mipango alikuwa Tom Mboya. Watu hukumbuka mjadala wa ujamaa, lakini kifungu kilichoamua maisha ya miji midogo ni kifupi na kimeandikwa kwa upole sana. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kwa maendeleo. Faida itakayopatikana huko ndiyo itakayosaidia sehemu nyingine baadaye.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Nchi ilikuwa changa, hazina ilikuwa nyepesi, na hoja yenyewe si ya kijinga. Mtu mwenye mbegu debe moja hupanda kwenye shamba lenye rutuba. Shida ni kwamba mwaka 1965 sehemu zilizokuwa na barabara, umeme na reli zilikuwa nazo kwa sababu mkoloni alizipendelea. Kwa hiyo waraka uliichukua ramani ya ukoloni, ukaita sehemu zake zenye bahati "zenye uwezo," na ukaongeza pesa juu yake. Isiolo, Garissa, Lodwar, Mandera na Marsabit zikaambiwa zisubiri. Ile "baadaye" haikuwekewa tarehe.

Na si kaskazini tu. Hata ndani ya sehemu zenye mvua, mji mdogo usiokuwa karibu na lami kuu ulihesabiwa kama mahali pa kusubiri. Ukiwahi kujiuliza kwa nini mjomba wako alikuja Nairobi mwaka 1968 akapanga chumba Kaloleni au Mathare na hakurudi, jibu moja liko kwenye kifungu hicho. Alifuata pesa zilikopelekwa.

*

Darasani tulifundishwa nadharia ya Walter Christaller, Mjerumani aliyetazama miji ya kusini mwa Ujerumani na kuchapisha mwaka 1933 wazo kwamba miji hujipanga kwa ngazi. Vijiji vingi vidogo huzunguka mji wa soko, miji ya soko huzunguka mji mkubwa zaidi, na ukichora mipaka ya wateja wa kila mmoja unapata pembesita zinazoshikana kama sega la asali. Ni mchoro mtamu. Niliuchora kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Kitu ambacho hakikutajwa darasani, nilichokuja kusoma baadaye nikiwa nje ya chuo, ni kwamba Christaller huyohuyo aliitumikia serikali ya Hitler, akasaidia kupanga upya miji na vijiji vya Poland iliyokuwa imetekwa. Nadharia iliyoanza kwa kutazama miji iliyojiotea yenyewe iligeuzwa kuwa amri ya mahali miji inapotakiwa kuwa.

Wazo la ngazi lilisambaa duniani, na likafika kwetu. Mpango wa Maendeleo wa Kenya wa 1970 hadi 1974 uliigawa nchi kwa ngazi nne za vituo: vya mji, vya mashambani, vya soko, na vya mtaa. Kila ngazi ilikuwa na huduma zake. Kituo cha ngazi hii kipate hospitali na shule ya upili, cha ngazi ile kipate zahanati na posta, na kadhalika. Mwaka 1978 idara ya mipango ikatoa kitabu kizima cha mkakati wa makazi nchini, chenye ramani na orodha za mamia ya vituo. Ukipekua orodha hizo kuna uwezekano mkubwa utaikuta senta yenu, imeandikwa jina lake vizuri, imepewa cheo.

Nimetumia saa nyingi na orodha hizo. Zinafariji, kama kuona jina lako kwenye mwaliko wa harusi. Lakini kuna sheria nyingine ya kipindi hichohicho ambayo haina ramani na haifurahishi kuisoma. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu ya serikali za mitaa. Kuanzia Januari 1, 1970, mabaraza ya kaunti, yale ya mashambani, yalipokonywa mambo matatu makubwa: shule za msingi, afya na barabara. Yakarudi Nairobi, kwa wizara. Manispaa kubwa kama Mombasa, Kisumu na Nakuru ziliachiwa. Pamoja na majukumu, mabaraza ya mashambani yalipoteza kodi ya mtu binafsi iliyokuwa mgongo wa mapato yao, na kufikia 1974 kodi hiyo ilikuwa imefutwa nchini kote.

Serikali ilikuwa na sababu. Mabaraza mengi yalikuwa yameshindwa kulipa walimu mishahara, na wizi haukukosekana. Kulikuwa pia na sababu ya kisiasa ambayo kila mtu aliielewa: mfumo wa majimbo ulikuwa umezikwa mwishoni mwa 1964, na Nairobi haikutaka vituo vingine vya nguvu. Lakini tazama tarehe. Ni mwaka uleule. Mkono mmoja wa serikali ulikuwa unaandika orodha ya miji midogo itakayokua, na mkono mwingine unaichukulia miji hiyo pesa za kukua. Diwani wa mashambani alibaki na ushuru wa soko, leseni za maduka, sesi ya mazao na ada ya stendi ya mabasi. Akitaka daraja, aliandika barua. Mkono mtupu haulambwi, na kwa miaka arobaini iliyofuata hakuna aliyekuwa na haja ya kuulamba mkono wa baraza la mashambani. Watu walijifunza kwamba mwenye maji, barabara na zahanati ni mkubwa fulani Nairobi. Siasa yetu ya kumtuma mbunge "akatuletee maendeleo" ina mzizi wake hapo.

Kulikuwa na jaribio moja la kwenda tofauti. Baada ya mkutano mkubwa wa wasomi na serikali uliofanyika Kericho mwaka 1966, ulizaliwa Mpango Maalum wa Maendeleo ya Vijijini. Tarafa 14 zilichunguzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ikaanza katika sita: Kapenguria, Kwale, Mbere, Migori, Tetu na Vihiga. Wazo lilikuwa kupima mbinu mpya za mikopo, barabara za vibarua na kilimo, zikifaulu zisambazwe. Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ililetwa kupima matokeo. Lakini maafisa wa tarafani walipanga huku ruhusa ya kutumia pesa ikibaki kwenye wizara, na kila eneo lilitegemea mfadhili wake. Miaka ya 1970 haikuisha kabla mpango kufa kimyakimya.

*

Mji unaonifundisha zaidi ni Webuye. Wengi tumeupita usiku kwenye basi la Malaba au Bungoma, na waliopita zamani wanakumbuka kwanza kwa pua.

Mahali hapo palikuwa na historia kabla ya kiwanda. Juu ya mji kuna mlima Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza na kuuawa kwa wingi. Wakoloni waliyaita maporomoko ya mto Nzoia kwa jina la mzungu, Broderick Falls, na kituo cha reli ya Uganda kikabeba jina hilo. Kilikuwa kisenta cha reli kama vingine vingi. Kisha wapangaji wakaona mambo manne pamoja: mto wenye maji ya kutosha, reli, barabara kuu, na ardhi ya Turbo na jirani zake ambapo misitu ya kupandwa ingeweza kulisha mashine. Serikali ya Kenya, kampuni ya karatasi ya familia ya Birla kutoka India, na tawi la Benki ya Dunia linalokopesha biashara wakaungana. Mwaka 1974 kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kazi. Hakuna aliyekiita hivyo. Kilikuwa Panpaper.

Hapa kulikuwa na nadharia nyingine, ya Mfaransa François Perroux, ya miaka ya 1950: ukiweka kiwanda kikubwa mahali fulani, kitavuta vingine kama sumaku. Na kwa kiasi Panpaper ilivuta. Wafanyakazi walilipwa mwisho wa mwezi, wakapanga nyumba, wakanunua nyama, wakapeleka watoto shule. Malori ya magogo yalihitaji makanika, makanika walihitaji chai, muuza chai alihitaji maziwa. Vitabu vyetu vya mazoezi viliandikwa juu ya karatasi za Webuye. Mji ulipata cheo, ukapata meya. Ulipata pia moshi wenye harufu ya mayai yaliyooza, na mabati yaliyoliwa na kutu kabla ya wakati wake. Watu walivumilia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini angalia maamuzi yalikuwa yakifanyika wapi. Mbao zilitegemea idara ya misitu. Bei ya umeme ilipangwa Nairobi. Madeni ya kiwanda yalikuwa kwa wakopeshaji wa nje. Ulinzi dhidi ya karatasi za kuagizwa ulitegemea sera za biashara, na miaka ya 1990 sera hizo zilifungua mlango wazi. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu yake mwaka 1999, Panpaper iliachwa iendelee, kwa ruhusa iliyotolewa mbali. Mji wa Webuye haukuwa na kura katika lolote kati ya hayo. Mwaka 2009 kiwanda kilizimwa kikiwa na madeni, ya umeme yakiwemo, na kikawekwa chini ya meneja mrasimu. Kikafufuliwa kwa sherehe, kikazimika tena. Mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la kampuni za Rai.

Nilienda Webuye miaka kadhaa baada ya hapo kuandika makala ambayo haikuchapishwa. Nilitegemea kuona mji uliokufa, na nilikuwa tayari nimeshaandika nusu ya sentensi za huzuni kichwani. Soko lilikuwa limejaa. Mahindi, ndizi, omena, mitumba, kuku waliofungwa miguu. Stendi ilikuwa na kelele. Waliokuwa wamenyamaza ni wenye nyumba za kupangisha zilizojengwa kwa mishahara ya kiwanda, na maduka yaliyotegemea siku ya malipo. Sehemu ya mji iliyotegemea kiwanda peke yake iliporomoka nacho. Sehemu iliyotegemea wakulima wa Webuye, Lugulu na Misikhu ilikuwa imechechemea lakini imesimama. Nikakumbuka Karatina.

Mumias, ile iliyoachwa na serikali mwaka 1920, ilipata kiwanda chake cha sukari mwaka 1973, na mwaka 2019 nacho kikaingia chini ya meneja mrasimu. Huko maumivu yalikuwa mapana zaidi, kwa sababu wakulima wenyewe walikuwa wameng'oa mahindi wakapanda miwa hadi mlangoni. Soko la kujishikilia halikubaki kubwa hivyo. Miji miwili jirani, mwaka mmoja kati ya kuzaliwa kwa viwanda vyao, na somo moja: kiwanda kinaweza kuwa baraka, lakini kiwanda ambacho mji hauna sauti ndani yake ni mpangaji tu, na mpangaji huhama.

*

Serikali haikuwa kiziwi kwa haya. Julai 1, 1983, wakati wa Rais Moi, ulianza mkakati wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo. Kamati za wilaya zingeamua miradi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa DC, mtu aliyeteuliwa na rais, kwa hiyo maamuzi yalisogea karibu bila kubadilisha mwenyewe. Mwaka 1986 ukaja Waraka Nambari 1, ambao kwa maoni yangu ndio wenye akili zaidi kuhusu miji midogo. Uliona kwamba mji mdogo hukua mkulima aliyeuzunguka akiwa na pesa ya kutumia, na mkulima hupata pesa akiwa na mji wa karibu wa kuuzia. Ukapendekeza vituo vya biashara na uzalishaji vya mashambani, vipewe barabara, maji, umeme na masoko kwa mpigo mmoja badala ya kidogokidogo kila mahali. Lakini ulikuja wakati wa marekebisho ya kiuchumi ya Benki ya Dunia na IMF, bajeti zikikatwa kila mwaka, na mabaraza ambayo yangeendesha vituo hivyo yalikuwa yaleyale ya mkono mtupu. Afueni ilikuja mwaka 1999, mabaraza yalipoanza kugawiwa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi.

Wakati huo wote miji mingine ilikuwa inazaliwa bila mpango wowote. Mlolongo, inavyosimuliwa, ilipata jina kutokana na foleni ya malori yaliyosubiri kwenye mizani. Madereva waliosubiri walihitaji kula, kulala, kuoga. Salgaa na Maai Mahiu zilikua kwa malori hivyohivyo, na Mtito Andei kwa sababu ni katikati ya Nairobi na Mombasa na tumbo la abiria haliwezi kufika bila kusimama. Hakuna pembesita iliyoitabiri Salgaa. Lakini hata miji hiyo iliyojizaa haikuwa salama na uamuzi wa mbali. Reli mpya ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, na serikali ikashinikiza makontena yapande treni, senta za barabara ya Mombasa zilihisi kwenye sufuria. Reli ya 1899 iliiruka Machakos. Ya karne hii iliruka vibanda vya chai.

*

Katiba ya 2010 ilitakiwa kufunga hesabu hii. Kaunti 47, angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, hazina ya usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Ukiisoma pamoja na waraka wa 1965 unaona wazi kwamba moja inamjibu mwenzake. Lodwar ya leo na Mandera ya leo si zile za 2012, na anayebisha aende akaone hospitali na barabara.

Ila kuna jambo lilitokea Machi 2013 ambalo halikupigiwa kelele. Kaunti zilipozaliwa, serikali za mitaa zote 175 zilikufa. Mabaraza ya miji, mabaraza ya manispaa, meya, madiwani wa mji, karani wa mji: wote wakaenda nyumbani. Hatukuwalilia, maana wengi tuliwajua kwa askari wa kanjo na maji taka. Lakini senta iliyokuwa na baraza lake, hata bovu, ikabaki idara ndani ya kaunti. Madaraka yaliteremka kutoka Nairobi yakafika makao makuu ya kaunti, yakateremsha mizigo hapo. Leo unaweza kuwa na mji wa watu elfu thelathini usio na mtu hata mmoja aliyechaguliwa kwa kazi ya kuuendesha mji huo. Kuna mwakilishi wadi, ambaye kazi yake ni kutunga sheria bungeni. Kuna msimamizi aliyeajiriwa na kaunti. Ada ya kibanda chako inalipwa kwa simu na kuingia hazina ya kaunti moja kwa moja. Kama inarudi kukufagilia soko, hiyo ni hiari ya mtu mwingine.

Benki ya Dunia ilipoanzisha mpango wa kusaidia miji ya Kenya mwaka 2017, ilitaka kila mji unaofadhiliwa uwe na mkataba wa manispaa na bodi yake. Miji 59 katika kaunti 45 ikaingia. Mwaka 2019 sheria ya miji ikarekebishwa, idadi ya watu inayohitajika kuwa manispaa ikashushwa kutoka 250,000 hadi 50,000. Pesa zikajenga vitu vinavyoonekana: lami, mifereji, taa, masoko. Ni kazi nzuri na sitaidharau. Mama mboga anayeuza chini ya taa hadi saa tatu usiku haulizi nadharia. Lakini wajumbe wa bodi hizo huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti, na pesa za mji hupitia kaunti. Tumerudi kwenye orodha yenye vyeo. Miji imepandishwa ngazi na kupewa majina, na mfuko umebaki kwa mkubwa, isipokuwa sasa mkubwa yuko karibu kidogo.

Kuna wanaosema mji mdogo hauwezi kuachiwa pesa kwa sababu utaziiba. Hoja hiyo nimeikuta mwaka 1969, na ilitumika tena mwaka 1983. Kila mara dawa ilikuwa kupeleka pesa juu, na historia ya huko juu sote tunaijua. Wizi wa soko angalau unaonekana kutoka kibandani. Unaijua ada unayolipa, unaliona takataka lisilozolewa, na mwizi mnakutana naye kanisani.

Katiba yenyewe, kifungu cha 176, inaziagiza kaunti zigatue majukumu yake zaidi, kadiri inavyofaa na kuwezekana. Sentensi hiyo imekaa pale tangu 2010 na ni fupi kiasi cha kukaririwa. Bunge la kaunti yoyote linaweza kupitisha sheria kesho kwamba sehemu fulani ya ushuru unaokusanywa mjini ibaki mjini, itumiwe na bodi ambayo wenye vibanda, wapangaji na watu wa bodaboda wameichagua wenyewe. Haihitaji mfadhili, haihitaji pembesita, na haihitaji mtu wa nje kuja na kiwanda.

Kizazi chetu kimezoea kuuliza gavana ameleta nini. Mimi ningependa tuanze na swali dogo zaidi, la aina ambayo mhasibu yeyote anaweza kulijibu kwa karatasi moja: mwaka jana senta yetu ilikusanya shilingi ngapi, na ngapi zilibaki hapo?